Chumvi Yako Ndani ya Pipa

Wala sikuimwaga, mume wangu, kama utakavyodhani. Ile chumvi uliyoivuna kwa mikono yako, ukanifungia kwenye pindo la kanga siku ya tano ya fungate letu nilipoitwa kazini, nimeitia yote kwenye pipa la sabuni. Ndiyo iliyoniponza.

Hujambo lakini, Bakari wangu, nuru ya macho yangu? Kifua kimepoa? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayougua. Huku Pongwe mvua haikatiki, mikono imechanika, na mto ninaolalia hauna harufu yako.

Sasa sikia. Sabuni ya maji ikiwa nyepesi tunaitia chumvi ikaze. Shuleni tulifundishwa kwamba chembe za sabuni zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia, basi hujikusanya vidonge vidonge, mikia ndani. Chumvi huviunganisha vidonge vikawa nyuzi ndefu zinazosokotana, sabuni ikawa nzito kama uji. Juzi nilitia kidogo, ikakaza vizuri. Nikasema, ya mume wangu hii, haiwezi kuzidi! Nikamimina iliyobaki. Nyuzi zikaachiana, pipa zima likarudi maji.

Bi Rehema, mwenye karakana, akachota, akacheka bila furaha.

"Biharusi, mchuzi wa pweza huu? Akili umeiacha Mkwaja kwa mumeo!" Kisha akakunja uso. "Ruhusa ya kwenda kwa mumeo usiniombe mpaka pipa hili likae sawa."

Nililia, mpenzi. Chumvi ikishaingia haitoki. Siku mbili sikula vizuri. Leo nikachanganya kikombe cha sabuni ile na kikombe cha sabuni changa isiyoonja chumvi. Zote mbili maji matupu. Nikakoroga, kijiko kikawa kizito mkononi! Nikatukumbuka mimi na wewe, kila mmoja peke yake.

Bi Rehema akatazama. "Haya, likoroge lote. Likikaza, nenda." Pole hakusema. Kesho nalikoroga, na najua litakaza.

Barua anakuletea mama muuza dagaa, maana simu yako haishiki. Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Wifi aliyenipaka hina mwambie sabuni imeifuta, imebaki kuchani tu.

Zimesalia siku mbili za fungate letu. Nakuja kuzimaliza kabla mwezi huu haujaisha, hina ingali kuchani.

Wako peke yako,
Mwanaidi