Waya wa Pasi na Kiingereza Laini

Jumatatu, 4 Machi

Wifi kaja mezani kwangu na jasho lake lote la chumba cha pasi. Ati waya wa pasi kubwa umechunika, umeshamrusha mara mbili. Nimwandikie bosi, maana bosi hasomi ila Kiingereza. Maneno aliyotaka niandike: waya utaua mtu, leteni fundi leo leo! Jamani. Kaka yangu alimwokota wapi huyu?

Nikamlainishia. Perhaps. When convenient. Yaani labda, mkipata nafasi, huenda ikafaa waya utupiwe jicho. Akauliza mbona hatari haimo. Nikamwambia wakubwa hawapigiwi kelele, wanadokezwa. Akanishukuru! Kaniita mwalimu. Nilikwenda kuchekea chooni.

Jumatano, 6 Machi

Bosi kanisifu mbele ya ofisi nzima: naandika kwa staha. Kuhusu waya, kimya. Na mimi simkumbushi — kiti cha karani mkuu kiko wazi, sitaki kuonekana mleta matatizo. Wifi sasa anapiga pasi akiwa amesimama juu ya ubao, na ndala za mpira. Kama kuku juu ya banda.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme umemnasa wifi. Mkono wa kulia. Dobi mwenzake ndiye aliyekimbilia swichi. Ile harufu ya kuungua bado ninayo puani.

Jumamosi, 9 Machi

Nilijisikia vibaya mpaka chai ya saa nne. Kisha bosi akaniita, anataka ripoti ya ajali, laini. Nikampa. She may have been — huenda hakuwa makini. Na mwisho, you may wish to consider: bosi akipenda, atafakari kama mfanyakazi huyu bado anafaa. Nani kasema afukuzwe? Hakuna! Uzuri wake ndio huo. Bosi kasoma mara mbili, kacheka. Kiti ni changu. Kazi ya kwanza, kesho kutwa: barua ya kumwachisha wifi.

Jumapili, 10 Machi

Hospitali. Vidole viwili vimeondolewa. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Akatabasamu! Afadhali umekuja, mwalimu wangu. Anaomba nimwandikie bosi amhifadhie kazi, hata ya kukunja mashuka, mkono wa kushoto si upo. Tena kwa adabu, kasema, kama ile ya kwanza, asije akamuudhi mtu.

Namchukia. Kwa nini hanitukani?

Kaka, aliyekaa kando ya kitanda, hakutabasamu. Kanipa simu yake. Niandike humo humo, kisha niwasomee kwa Kiswahili, neno kwa neno. Na ile ya kwanza pia, kasema, anataka kuisikia.

Nimetoka hadi koridoni, nimesingizia mtandao. Nimeandika Dear Sir, basi. Kaka amefungua mlango. Anauliza, dada, bado tu? Nimemwambia labda, nikipata —