Misa ya Shukrani Iliyowahi Mno

Mwazye,
Jumapili, 6 Julai.

Mdogo wangu Urbano,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe, wifi yangu Monika na watoto mnaamka salama huko Mpanda, na kile kikohozi chako kimekuachia. Huku baridi inatukata masikio, ulezi tumeuvuna wote, na mimi dada yako bado nina mdomo uleule. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenigombeza kabla sijafika katikati.

Unakumbuka kansa hii ya koo ilivyonianza. Ugali ukakataa kupita, kisha uji, mpaka maji nayo yakawa kazi. Daktari alitueleza kwamba kwanza nipate dripu za dawa pamoja na mionzi ili uvimbe usinyae, nipumzike wiki kadhaa, kisha anipasue akitoe kipande kibovu. Nilitapika, nikakonda, ukanishusha kwenye gari mgongoni kama gunia. Sijasahau.

Basi nilipokuwa napumzika nyumbani, siku moja ugali wa ulezi ukapita. Jamani! Nikameza tonge la pili, la tatu, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Nilipokupigia ulilia, ukapanda basi, ukaomba misa ya shukrani. Nami nikacheza hadi altareni na jogoo mkononi, padre akatangaza kwamba Edith amepona.

Sasa kaa chini, Urbano. Nilikuambia daktari amesema upasuaji hauhitajiki tena. Hakusema hivyo. Tarehe yangu ilikuwa Alhamisi ile kabla ya misa, nami nilishinda shambani simu nimeizima. Ulipokuwa unafuta machozi kanisani nilijua, na nikaendelea kucheza. Niliogopa kisu, mdogo wangu. Halafu nikaona aibu: ningeanzia wapi, na padre ameshamla jogoo wangu?

Juzi daktari alipiga tena, nikapokea. Hakunifokea. Alisema kumeza si kupona, ugonjwa huenda bado umo ndani, na muda mzuri wa kupasua haujapita ila unakimbia. Amenipa Jumatano, tarehe kumi na sita.

Nitakwenda. Ila nikifungua macho nataka nikuone wewe, hata kama umenuna. Na tafadhali, safari hii omba misa ya wagonjwa, nitajwe kwa jina langu. Ile ya shukrani tutaiomba siku nitakayomeza tonge mbele yako, na jogoo utambeba wewe.

Barua hii anakuletea jirani yetu Modesti, mpe chai. Wabusu wanangu wote, na Mungu awalinde hadi tuonane hospitali.

Ni mimi dada yako, mwongo anayekupenda,
Edith