Mnyororo wa Kushoto wa Mburu

Jumatatu, 10 Novemba

Wangoi amesema mwisho ni Jumapili. Chumba kilicho juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Kawangware ndimo sisi watu wanne tunaounda vifaru na ndege ndogo za plastiki tumekutana kwa miaka sita, kwa hisani ya mumewe, marehemu Mburu. Sasa kuna dada wa saluni anayekitaka. Sharti la Wangoi: tumalize kifaru alichokiacha Mburu, kiwe mezani kwenye ibada ya kutimiza mwaka tangu afariki. Tukichelewa au tukikiharibu, tubebe maboksi yetu.

Sharti la haki.

Mburu aliendesha kifaru jeshini miaka kumi na mmoja. Mnyororo wa kushoto, ule unaozunguka magurudumu, aliumaliza mwenyewe. Wa kulia haujaanzwa: pingili tisini, kila moja na pini zake mbili. Ni mnyororo wa kuzunguka kweli, si wa kubandika. Gundi ikipenya kwenye kiungo, umeganda. Niko likizo wiki nzima kutoka meza ya uhariri gazetini; wenzangu wako kazini. Kazi ni yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Pingili 22. Kata, sugua, panga kumi kumi, sukuma pini. Tone la gundi kwa ncha ya sindano, kwenye kichwa cha pini tu. Ngoja. Tikisa. Ikicheza, endelea.

Tonny, mmoja wetu wanne, alifika saa kumi kutoka Kisumu Ndogo, anakotengeneza simu. Akatazama, akasema nimepanga kinyumenyume. Kila pingili ina alama ya V, na yeye aliiona inaelekea nyuma. Lakini alikuwa amekipindua kifaru, magurudumu juu, kama tunavyofanya sote tukiunda. Mnyororo ule ule, ukiutazama unapopita juu ya magurudumu V inaelekea mbele. Ukiutazama unapopita chini yake inaelekea nyuma. Kila mwanachama ameshanaswa na hilo, na kila mmoja hubisha. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sahihi.

Lakini katika kubishana tuligundua jingine. Upande wa kushoto, wa Mburu, ndio uko kinyume na karatasi ya maelezo. Wote.

"Mzee alikosea hii, buda," Tonny akasema. "Na alikuwa dere wa hiyo kitu!"

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi niliingiza ncha ya kisu chini ya pini ya kwanza ya Mburu. Nilikusudia kuufungua mnyororo na kuugeuza. Wangoi akaingia na chai.

"Hiyo alifanya na mkono yake," akasema. "Ukiitoa, utoke nayo."

Nikaweka kisu chini. Nimesahihisha makosa ya watu kwa miaka ishirini na saba, walio hai na waliokufa, na sikuwahi kuomba ruhusa ya mjane. Leo sikubishana.

Basi njia mbili. Nifuate karatasi upande wa kulia, kifaru kiwe na minyororo inayopingana, mbele ya wazee waliotumikia jeshi pamoja naye. Au nigeuze na wa kulia, kosa liwe la pande zote mbili. Zote mbaya.

Halafu nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mwandishi mchanga yeyote: umesikia kutoka kwa nani? Karatasi moja ndani ya boksi. Basi.

Nikamwomba Valerie, binti yao, kile kijitabu cha mazishi. Ukurasa wa tatu: Mburu kijana, bereti, ameegemea kifaru. Upande wa kushoto unaonekana. Nikashika lenzi. V ziko kinyume!

Hakukosea. Aliunda kifaru alichokiendesha. Mimi ndiye niliyekaribia kuvuruga kweli kwa kutumia karatasi. Pini moja ina mkwaruzo wa kisu changu.

Picha haionyeshi upande wa kulia. Pingili 22 zinangoja.

Alhamisi, 13 Novemba

Kambi Muru, kwa mzee Khamala, aliyekuwa mpiga mzinga kwenye kifaru cha Mburu. Nilimkuta anachambua mboga mlangoni. Sikumwambia ninachotafuta. Nilimwomba tu anieleze minyororo.

"Ile ya left tuligeuza sisi," akasema. "Ilikuwa imelika upande mmoja kama kiatu ya mlevi. Mburu akasema tuigeuze, ilike na upande ingine."

Na ya kulia? Hiyo iliachwa vile ilivyokuwa. Niliuliza tena kwa njia nyingine, na tena. Mara ya tatu akataka kujua kama mimi ni polisi.

Kushoto kinyume, kulia sawa. Zile 22 zinabaki. Nilitembea hadi Olympic, nyumbani, nikalala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilimweleza Wangoi habari ya Khamala, kisha nikamwonyesha mkwaruzo. Akautazama kwa lenzi, muda mrefu.

"Hii ni yako?"

"Yangu."

"Sawa." Akashuka dukani. Sijui sawa gani.

Pingili 30. Saba zimeganda — tone lilikuwa kubwa, mkono ulikuwa wangu. Nimezikata. Za akiba ziko nane, itabaki moja. Jumla 45.

Jumamosi, 15 Novemba

Pingili 38. Jumla 83. Tonny alifunga kibanda chake mapema akaja kushika kibano. Vidole vya fundi simu. Hakuna iliyoganda.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika gundi ikikauka. Saa tatu na nusu. Ibada saa nne, hemani chini. Tatu tumeshafunga; bado pingili nne.

Wangoi alipanda akiwa tayari kwa kanisa. Akakizungusha kifaru, kushoto, kulia, kushoto. Nikamwambia mapema: kuna atakayesema tumekosea.

"Wacha aseme," akajibu. "Nilikaa na huyo mtu miaka thelathini na nne. Kila mtu alikuwa anamwambia amekosea."

Akavuta kiti. Tonny akamsogezea kibao cha pini bila kuombwa.

Valerie akagonga: pasta amefika, na wazee wa jeshi, na wanauliza mama yuko wapi.

"Wape chai."

"Wamekunywa, mum."

"Waongezee."

Kisha akainuka, akasukuma komeo la mlango kwa ndani, akarudi kukaa. Amekunja mikono ya gauni. Pini ameziweka kwenye kiganja.

Ile ya kwanza inacheza. Bado tatu. Valerie anagonga tena. Wangoi hajageuka, ananinyooshea pini.