Moshi wa Mzee Yahya

Jumatatu, 1 Juni 1998

Dainasti, kompyuta yangu, imekufa. Si kuugua tena – imekufa. Nimeiwasha asubuhi, ikalia tik-tik-tik kama mjusi ukutani, kioo kikabaki cheusi. Nikamwita Maxwell, fundi wa kompyuta na redio wa hapa Ukunda. Akafungua, akachungulia, akafunga. "Madam, diski imeenda. Na hii aina spea zake siku hizi huwezi pata." Ananishauri nihamie chapa nyingine kabisa.

Nimefunga mapema. Ofisi ya kutaipu isiyo na kompyuta ni nini? Ni kibanda cha mwanamke na kiti chake.

Alhamisi, 4 Juni

Nimepata! Maxwell amenipeleka Tiwi, kwenye nyumba ya Mjerumani mmoja. Mashine inaitwa Falkner. Kubwa kama kasha la bibi harusi, rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mwenyewe hakuwepo. Tulimkuta mkewe, Yusra, binti wa huku huku kwetu, mdogo kwangu. Akaniamkia kwa adabu, akatukaribisha maji ya dafu, tukapatana bila kuvutana.

Maxwell akafuta kila kilichokuwemo ndani. Kijerumani kitupu. Yusra alisimama mlangoni akitazama tu. Tulipoibeba aliweka kiganja juu yake, vile mtu anavyomshika ng'ombe anayeuzwa.

Nikamuuliza, mzee atarudi lini? Akasema, "Hatujui, dada." Maxwell akanikanyaga mguu.

Njiani ndipo nikaambiwa. Mzee huyo alisilimu akaitwa Yahya. Mwezi wa Disemba, katika zile mvua zisizokwisha, aliingia baharini asubuhi kuogelea kama ada yake. Malapa yakapatikana mchangani. Yeye hakupatikana.

Laiti ningalijua kabla ya kuuliza!

Ijumaa, 5 Juni

Kibodi hii itanitia wazimu. Z imekaa pahali pa Y, na Y pahali pa Z! Ndivyo wanavyopanga Wajerumani, kumbe. Vidole vyangu vina mazoea yake ya miaka, havisikii. Nimeandikia shule ya Msambweni barua ya "wayayi wote". Wazazi gani hao? Maxwell anasema dawa ipo ila mpaka apate CD fulani Mombasa.

Jambo jingine. Vibonye vimelika. Herufi E imefutika kabisa, pana kishimo. Nikitaipu, ncha za vidole vyangu zinaingia palepale zilipoingia zake. Nimefuta kibodi yote kwa kitambaa cha maji moto. Kishimo hakifutiki.

Jumanne, 9 Juni

Adhuhuri, jua kali, mashine imekwisha kupata moto. Mara – harufu. Tumbaku, lakini si sigara. Tamu, kama iliki iliyoungulia kwenye sufuria. Nikatoka nje nione nani anavuta. Hakuna mtu. Mama wa mahamri alikuwa peke yake na karai lake.

Nikarudi ndani. Nikainama nyuma ya mashine, pale feni inapotolea upepo.

Imetoka humo. Upepo vuguvugu, usoni kwangu, kama mtu anayehema.

Nimesoma Ayatul Kursi. Kisha nikamaliza barua ya watu.

Alhamisi, 11 Juni

Ugomvi nyumbani. Matano, mume wangu, aliunusa mtandio wangu nilipoutundika. Akangoja mpaka tumekwisha kula. Kisha: "Mama Kheri, ofisini kwako anakaa nani anayevuta kiko?"

Hakuna mtu, nikamwambia. Ni kompyuta.

Akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. Kompyuta inavuta kiko! Hata mimi nisingeamini. Tumelala tumepeana migongo.

Jumamosi, 13 Juni

Matano amekuja ofisini bila kubisha. Alitazama nyuma ya pazia, akatazama chini ya meza – chini ya meza, mtu mzima! Nikamwambia, inama hapa. Akainama kwenye feni. Alipoinuka rangi ilikuwa imemtoka.

Hakuzungumza habari ya mwanamume tena. Sasa ni pepo. Anasema pepo wa kizungu hawana tofauti na wetu, hutaka harufu zao, na kitu cha mtu aliyepotea majini hakiingizwi pahali pa riziki. Alasiri amerudi na chetezo, akafukiza udi pembe zote. Mteja aliyekuwa akingojea risiti zake akaona moshi, akauliza kuna nini. Matano akamjibu bila kuficha! Mteja hakuketi tena. Jumatatu Ukunda nzima itajua.

Na udi haukusaidia. Ulipopoa, ile harufu nyingine ikabaki.

Jumatatu, 15 Juni

Amekuja Yusra. Nilidhani ana neno juu ya mauzo yetu. Hapana. Akaniomba akae tu. Nikampa kiti cha wateja. Akakisogeza polepole mpaka karibu na feni, akafumba macho.

"Bado ananukia," akasema.

Nikaacha kutaipu. Akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Mzee Yahya alikaa mbele ya mashine hii kutwa, kiko mdomoni, akiandika habari za ndege wa misitu ya Kwale. Nguo zake wamezigawa. Nyumba imepigwa chokaa na mwenye nyumba baada ya mvua. Ukungu umekula godoro. "Nikaona niiuze hii pia nisiwe nikiitazama. Sikujua kama yumo."

Nikamuuliza, hukuwahi kuiwasha tangu hapo?

"Sijui kuiwasha, dada Mishi."

Subhanallah. Alikaa nayo chumba kimoja miezi yote ile, haikupata moto hata siku moja.

Jumatano, 17 Juni

Amekuja tena, na jana pia alikuja. Huleta mkeka anaosuka ili asionekane mvivu. Mashine ikianza asubuhi feni hukwaruza kidogo, khh-khh, kabla ya kuzunguka sawasawa. Leo aliisikia. Mkeka ukamwanguka. "Hivyo hivyo! Hivyo hivyo alivyokuwa akikohoa akiamka!"

Sasa kila nitakapoiwasha nitasikia mtu anaamka.

Nilimuuliza kama amekaa eda. Akasema mashekhe wamemwambia asubiri, kwa kuwa hakuna maiti wala shahidi. Wavuvi walimwambia bahari haikai na mfu, humtapika. Basi kila kulipokucha alikuwa akishuka pwani kutazama. Haikutapika kitu. "Mimi si mjane, si mke. Watu hawajui wanipe pole au waniulize habari zake."

Nikauokota mkeka wake, nikamrudishia mkononi.

Jumatatu, 22 Juni

Balaa. Mwalimu Garama ameniletea mitihani ya shule yake, darasa la nne mpaka la nane. Kazi kubwa, na wateja wengine wamenikimbia kwa uvumi wa pepo, hivyo yeye ndiye aliyebaki. Nilikuwa katikati ya hesabu za darasa la sita, mashine ikajizima. Pap! Hakuna onyo. Stima ipo, taa inawaka, yeye amezima. Nikaiwasha, ikaenda kidogo, ikajizima tena.

Maxwell ameifungua nikaona ndani kwa mara ya kwanza. Kweusi! Kama chini ya chungu cha kuni. Feni imevaa manyoya ya vumbi, na vumbi limegandishwa na utomvu wa tumbaku, rangi ya kahawia, unanata. Maxwell akapitisha kidole.

"Madam, hii machine imevuta kuliko mimi na mabeshte wangu wote. Inakosa hewa. Inachemka ile mbaya, ndiyo maana inajizima. Niisafishe na spirit, itakuwa poa. Ukiendelea hivi itakufa, na ikikufa haifufuki."

Kwa hiyo si pepo. Ni masizi. Nilipaswa kufurahi.

Yusra alikuwa kwenye kiti chake. Sote wawili tulimtazama. Alishika ukingo wa meza.

Nikamwambia Maxwell aifunge kwanza.

Jumanne, 23 Juni

Yusra amenisihi. Alinishika mikono yote miwili. "Muda kidogo tu, dada yangu. Ni mashine yako, sina haki nayo, najua. Lakini ukimsafisha atakuwa amekwenda kweli."

Hakusema "ukiisafisha". Alisema "ukimsafisha". Na mimi sikumsahihisha.

Nimemuahidi kungoja. Ninaiendesha ikiwa imefunuliwa ubavu, feni ya mezani inaipepea kama mgonjwa. Matano anasema nimerogwa.

Labda. Leo Yusra alipotoka niliinama mwenyewe pale nyuma. Sijui nilikuwa nikitafuta nini. Sikumjua mtu huyu. Sijaona hata picha yake. Lakini najua anavyokohoa, najua kidole gani anakikandamiza sana, na sasa najua pumzi zake. Mume wangu wa ndoa sijui pumzi zake hivi.

Alhamisi, 25 Juni

Imejizima, ikaenda na sayansi yote ya darasa la nane. Mwalimu Garama amesimama juu ya kichwa changu. Si mtu wa kupaza sauti, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Bi Mishi, watoto wamelipiwa mtihani na wazazi waliopoteza vibarua vya hoteli. Kama huwezi niambie, nipeleke Likoni." Hoteli zimekuwa tupu tangu zile ghasia za mwaka jana, kila mtu anajua. Ana haki.

Nikatuma mtu amwite Maxwell.

Sikumtuma mtu yeyote Tiwi. Sikuthubutu.

Maxwell alifanya kazi nje, barazani, kwa mswaki na chupa ya spirit. Pamba zilitoka nyeusi, kisha kahawia, kisha njano kama chai ya mgonjwa. Nilimwambia asizitupe pale. Nikazifunga kwenye gazeti. Akaniangalia. "Unaweka za nini, madam?" Mvua ikanyesha ghafla tukakimbiza mashine ndani, na gazeti likabaki nje likalowa lote. Maji yakashuka mferejini rangi ya kutu.

Amerekebisha na Z na Y vilevile. CD imepatikana. Kila herufi iko kwake.

Ijumaa, 26 Juni

Yusra alikuja kabla ya sala ya Ijumaa. Nilitaka kumwambia akiwa mlangoni, badala yake nikamsogezea kiti. Akaketi. Akafumba macho. Akangoja mashine ipate moto. Nami nikangoja, nikijifanya nasoma karatasi.

Akafumbua. Akanusa hewa, akanusa feni, akaweka shavu lake kwenye bati.

"Yuko wapi?"

Aliniuliza kama anayemuulizia mtu aliyetoka hivi punde. Nikamweleza – mitihani, Mwalimu, masizi, feni. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa jiwe. Hakulia. Akakunja mkeka wake.

"Hukuniita nimuage," akasema. Basi.

Jumanne, 30 Juni

Mashine nzuri mno. Haijizimi, haikohoi, kioo safi, kazi inakwenda mbio. Mwalimu Garama amechukua madarasa matatu ya kwanza, akashukuru. Hata wateja wawili wamerudi, Matano amewaambia pepo ameshatolewa. Anajisifu udi wake.

Mbona basi siwezi kukaa humu? Zamani niliogopa kwamba kuna mtu. Sasa naogopa kwamba hakuna. Ofisi inanuka spirit na unyevu wa sakafu ya saruji. Ninageuka kukitazama kile kiti cha wateja, kitupu, na kila mara nashtuka kama nimemkuta mtu.

Yusra haji.

Alhamisi, 2 Julai

Naandika hapa ofisini, mchana, kwa kuwa sijui niipe mikono yangu kazi gani nyingine.

Nimefika asubuhi, nikawasha, nikaanza darasa la nane. Mwalimu anazichukua karatasi leo, mtihani ni kesho. Saa nne hivi Yusra akaingia. Amevaa nyeupe. Sikumwona na mkeka, ana kikapu kidogo. Akanisalimu vizuri kabisa, hata akauliza hali ya Kheri shuleni. Nikafurahi, nikadhani yamepita. Akaniomba nifunge mlango.

Nimefunga na komeo.

Akatoa kopo la bati na kiko. Anasema alivipata jana, kwa baharia mstaafu wa Msambweni anayejua tumbaku ya namna ile. Alimpelekea kopo tupu la mzee, baharia akalinusa akacheka, akasema ninayo hii. Kiko si cha mzee. Cha mzee kilikwenda naye mfukoni, hata kuogelea hakukiacha.

Akakijaza. Huyu ni mtoto wa madrasa, hajapata kuweka hata sigara mdomoni! Nikamwambia Yusra, mdogo wangu, acha. Akawasha. Moshi ukampalia, akakohoa mpaka machozi, akainama, akaupuliza ndani ya mashine, kwenye vile vitundu vya mbele. Feni inauvuta. Inatokeza nyuma.

Ni yeye. Ni ile ile.

Anavuta, anakohoa, anapuliza. Yuko magotini. Nimesimama mkono juu ya swichi kwa muda, kisha nikauondoa. Nikiizima, feni itasimama. Nisipoizima, masizi yanaanza upya leo, na darasa la nane bado halijatoka kwenye printa.

Nje Mwalimu Garama amefika, namsikia akimsalimu mama wa mahamri. Anabisha. "Bi Mishi? Mnaungua humo?"

Yusra amegeuka. Midomo imekuwa ya majivu. Ananinyoshea kiko, mdomo wake mbele, kama anayempa mtu kijiko cha dawa.

"Dada Mishi, pumzi imeniishia. Nipulizie wewe."

Mwalimu anabisha tena. Nimekipokea. Kina moto bado, na mdomoni pake pamelowa. Naiweka kalamu chini nimpulizie –