Mnyororo wa Jukwaani

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na karakana ina wateja. Mimi sijambo, ila koo limekauka kwa kupiga kelele kutwa. Najua utasema ningepiga simu. Wewe kwenye simu unasema "haya, haya, wasalimie," kisha unakata kabla sijakohoa. Kwa kalamu angalau unaongea.

Nina habari kubwa. Safari hii mimi ndiye mwongozaji wa mchezo. Siyo kushona mapazia, siyo kumshikia mtu mwavuli nyuma ya jukwaa. Mwongozaji! Mchezo wenyewe unahusu nyumba moja ya karne tatu zilizopita, walimofungiwa watu wenye ugonjwa wa akili. Baba, binadamu tulikuwa wakatili jamani. Waliwamwagia maji ya baridi mpaka wazimie, waliwatoa damu, waliwakalisha kwenye kiti kinachozungushwa mpaka watapike, eti akili irudi mahali pake. Na Jumapili watu waliovaa vizuri walilipa kiingilio wakaja kuwatazama, wakawachokoa kwa fimbo huku wakicheka. Mtunzi ameyaweka yote. Siku ya kwanza tulipousoma, nusu ya waigizaji walicheka na nusu walilia, nami nikawaambia ndivyo ninavyotaka.

Sasa ombi. Nahitaji mnyororo na pingu ya mguu. Mwigizaji wangu mkuu, tunamwita Njiti kwa ule wembamba wake, atavivaa mchezo mzima, kwa hiyo vionekane chuma kitupu lakini viwe vyepesi. Mafundi wa huku wananiletea vitu vya kufungia mbwa. Nielekeze, baba, au nitengenezee.

Na mdogo wangu, Kitinda wetu, anaendeleaje? Bado anakwenda kliniki? Uliponiambia siku hizi katulia, nilifurahi sana. Mwambie dada yake anamdai wimbo.

Binti yako


14 Machi

Kwa mwanangu mwongozaji,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unauma pale pale, kwa hiyo hakuna jipya. Hongera. Mama yako angekuwa hai, angetangaza mpaka mtaa uhame.

Mnyororo usiufanye wa chuma. Kata bomba la plastiki vipande, vipashe moto, vikunje viwe pete, paka rangi nyeusi, halafu pitisha rangi ya fedha juu juu kwa kitambaa. Mtu wa kiti cha nyuma hatajua. Pingu nakutengenezea mwenyewe kwa bati laini, nitampa dereva wa basi akuletee.

Ila nisikilize vizuri. Ndani ya pingu weka tyubu ya baiskeli, upande laini uelekee kwenye ngozi. Kwenye mfupa wa kifundo weka mara mbili, maana ndiko kunakochubuka kwanza. Asiivae mguu mmoja siku zote, mbadilishie. Pale mnyororo unaposhikana na pingu weka kiungo kinachozunguka, la sivyo akijigeuza usingizini unajisokota na kumkaba. Urefu uwe wa kumfikisha kwenye ndoo na dirishani, mlangoni usifike. Na huyo Njiti mwambie asitembee akipiga kelele za chuma kila hatua. Kwa mtu aliyeuzoea hautoi sauti. Anaubeba mkononi, kama mwanamke anavyoshika gauni refu akipita kwenye tope. Ukiusikia unalia, jua amekasirika au anaota.

Kitinda hajambo. Yuko ndani, amekula. Nimemsomea barua yako mara mbili, akacheka pale pa mwavuli.

Baba yako


21 Machi

Baba,

Shikamoo. Pingu imefika, nzuri mno.

Nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya kundi zima. Walipiga makofi. Njiti aliinuka hapo hapo, akaushika mnyororo kama ulivyosema, akatembea hadi dirishani bila sauti. Nilijivuna, baba. Nikawaambia, huyo ndiye mzee wangu, mnamwona?

Kisha mama anayetushonea nguo akaniuliza, wala hakuwa na ubaya, "Mzee wako aliwahi kuwa askari jela?" Nikamwambia hapana, ni fundi, anachomelea mageti. Akasema, "Basi amejuaje mtu anavyojigeuza usingizini?"

Mazoezi nimeyavunja, nimekuja chumbani, na barua yako iko hapa kitandani naitazama tu. Baba, Kitinda amefungwa? Nijibu hilo peke yake. Usinielezee habari za mgongo.

Binti yako


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Nimeanza barua nikachana, nikaanza tena nikachana, mpaka karatasi zikaisha.

Ndiyo. Nimemfunga mimi, tangu mwaka jana baada ya zile mvua kubwa. Yuko chumba cha nyuma ya karakana. Nikiwa kazini ananiona kupitia dirisha.

Dawa ziliisha kliniki. Wakatuambia njooni mwezi ujao, na mwezi ujao wakasema maneno yale yale. Akaacha kulala. Asubuhi moja akaingia nyumba ya jirani, uchi wa mnyama, akambeba mtoto wao akikimbia naye, anasema moto unakuja. Hakumdhuru hata kidogo. Lakini nani angesubiri kuuliza? Walimpiga kwa mbao. Nilimkuta mtaroni, mbavu zimevunjika, na bado ananiuliza mimi kama mtoto ametoka kwenye moto. Mjumbe wa mtaa akaniita pembeni. "Mzee Cheche," akasema, "wakimshika tena sitaweza kuwazuia." Mbavu zilipounga, niliingia karakana nikawasha mashine. Nilimpima mguu kama nilivyokuwa nikimpima viatu vya shule, naye akaunyoosha mwenyewe. Hakubisha. Hilo ndilo linaloniua, mwanangu, kwamba hakubisha.

Sasa nikuulize, mwongozaji. Katika mchezo wako yupo mwenye ufunguo? Yukoje? Ana mjeledi? Anacheka vibaya? Maana mimi nakula naye sahani moja, na akiugua homa nalala naye sakafuni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka minne umepita hapa mara mbili, ukaleta sabuni na picha za jukwaani. Kama una njia nyingine, njoo nayo mwenyewe. Usiitume kwa basi.

Baba yako


12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, nikakasirika, nikalia tena. Nisamehe kwa ile barua ya Machi, lakini hasira yangu haijaisha, na sijui niielekeze wapi.

Umeuliza kuhusu mwenye ufunguo. Alikuwa na mjeledi, ndiyo, na meno yaliyooza, na alichezwa na mchekeshaji wetu. Mjeledi nimemnyang'anya. Sasa anakula sahani moja na mgonjwa, wanacheka pamoja, kisha anamfunga. Mchekeshaji mwenyewe kanijia juu jana: "Dada, sasa watu wamchukie nani?" Nimemwambia hata mimi sijui.

Sasa sikiliza. Nesi mmoja wa hospitali ya huku alikuja kutueleza ugonjwa wenyewe ulivyo, mwanamke mkavu, hacheki ovyo. Nikamvuta kando nikamwambia yote. Anasema ipo sindano ya mara moja kwa mwezi, wanayo, ila mgonjwa aje mwenyewe wamwone. Mchezo unafunguliwa Ijumaa tarehe 6 Juni. Jumatatu inayofuata nakuja kumchukua. Naapa kwa kaburi la mama.

Lakini mfungue, baba. Mfungue leo. Siwezi kuwasha mataa na kuwaonyesha watu ukatili wa waliokufa zamani wakati ndugu yangu yuko hivyo nyuma ya karakana yetu.

Binti yako


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Nilimfungua siku ile ile niliyoipata barua yako. Alitembea hadi pale mnyororo ulipokuwa ukiishia, akasimama. Nikamwambia pita, hapiti. Ikabidi nimshike mkono nimvushe kama mtu anayeogopa mto. Baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri, sitakuficha. Alinisaidia kupiga msasa mageti. Akaimba. Majirani walipita upande wa pili wa barabara, lakini hakuna aliyeokota ubao.

Jumatatu aliamka mapema, akaoga, akavaa shati langu la harusini. Tulikaa kituo cha basi kutwa. Kila basi likisimama anainuka, anachungulia, anakaa. Jua lilipopungua akaniambia, "Dada ana kazi." Hakukasirika. Jumanne nimeamka nikakuta godoro lake limekunjwa vizuri, na yeye hayupo.

Nilianzia mitaroni kumtafuta. Unajua kwa nini.

Na leo ndiyo imefika barua yako ile fupi ya Jumamosi, kwamba watu wameupenda mchezo, mmeongezewa wiki mbili, utakuja mwisho wa mwezi. Hongera. Nina hasira na wewe, nakwambia wazi ili isinikwame kooni. Uliniambia mfungue, nikamfungua, halafu hukuja.

Anaujua mtaa wako, nimemsomea barua zako zote. Kama anakuja huko, njiani hakuna anayemjua ni mtoto wa nani. Mimi nazunguka huku. Wewe mwangalie huko.

Baba yako


19 Juni

Baba,

Shikamoo. Yuko hai. Yuko kwangu. Ujumbe niliompa dereva Jumamosi najua umekufikia, lakini haukuwa na nafasi ya kueleza, na mengine sikutaka dereva ayasome.

Alifika Jumamosi mchana, kabla ya onyesho. Amepanda malori ya mchanga, kwingine ametembea. Nilisikia vicheko nje nikatoka. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamependeza, na yeye katikati yao, miguu imevimba, shati lako limechanika begani, anawauliza mmoja mmoja kama wamemwona dada yake. Walidhani ni mwigizaji wetu, tumemtoa nje kuwachangamsha. Mwanaume mmoja alikuwa anamgusagusa na mwavuli ili aone atafanya nini. Walikuwa wanacheka, baba, na tiketi zangu mikononi. Niliwatukana matusi ambayo hujanifundisha. Wakapiga makofi. Hata hayo waliona ni mchezo.

Nilimkumbatia pale pale. Akaniambia, "Umekonda." Yeye!

Jumatatu nesi alimdunga sindano. Anasema itachukua wiki kadhaa kumtuliza, tuvumilie. Wiki kadhaa! Halali. Anatembea ukutani hadi ukutani. Juzi nilikuwa bafuni, akapanda ghorofa ya juu, akaingia jikoni kwa mpangaji, akamshika mtoto mkono wautoroke moto. Niliposikia mayowe nilitoka na sabuni mwilini. Ngazi nzima ilijaa watu. Mmoja alikuwa na mchi. Nilimkinga kwa mgongo wangu, nikaomba, nikapiga magoti, nikamrudisha ndani.

Leo ilinibidi niende kazini. Nikamwambia nitarudi, nikatoka, nikageuza ufunguo. Nilifanya haraka, kama mtu anayefunga duka. Nimefika barabarani tu, nikageuka.

Nimerudi. Nimekaa ngazini nje ya mlango wangu mwenyewe, nakuandikia nyuma ya tangazo la mchezo. Hapigi mlango. Anakuita wewe. Nimenyamaza kimya ili asijue nipo, maana akijua ataniomba nifungue, na nikifungua atapanda juu, na mwenye mchi yupo.

Wewe hukuweza peke yako, na mimi siwezi peke yangu. Njoo. Sisemi uje umchukue. Njoo tushike zamu.

Binti yako


20 Juni

Mwanangu, mama,

Marahaba. Dereva kanigongea alfajiri na barua yako. Nimemrudishia hii hapo hapo, injini inanguruma, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Mimi nakuja na basi la mchana. Lazima kwanza nipite kliniki nichukue kadi yake, yule nesi ataitaka.

Karakana nimefunga. Wenye mageti watapiga kelele, wapige.

Mnyororo siji nao. Sikuukata pia, sitakudanganya. Uko msumarini, na moyo wangu hauna hakika. Usinihukumu kwa hilo, nami sikuhukumu kwa ufunguo.

Jioni nenda kazini kwako, mimi nitakuwa ndani naye. Huyo mwenye mchi nitampandia kumsalimia, na yule mtoto wa mpangaji nitamwomba radhi. Watu wakimjua mzazi wa mtu, huwa wanashusha mkono.

Ila kosa lako ni moja, na nalisema kwa kuwa nililifanya mimi kabla yako. Usinyamaze nje ya mlango. Akisikia kimya anadhani kaachwa, na hapo ndipo anapouona moto. Fungua ukae naye. Ukishindwa, kaa nje lakini ongea, ongea lolote, bei ya sukari, madeni ya watu, uongo wowote unaokujia. Ndivyo nilivyofanya mwaka mzima, nachomelea huku nabwabwaja dirishani. Majirani wakasema karakana ile ina wendawazimu wawili.

Leo jioni tutakuwa watatu.

Baba yako