Boksi la Besi

Jumapili, 2 Oktoba 1994

Natangaza rasmi, bila mbiu wala wimbo wa taifa: kuanzia jana nimeacha kukalia kreti ya soda. Ilivunjika katikati ya mazoezi ya bendi ya kiwanda. Sasa kiti changu ni boksi la spika ya besi. Nililivuta kwa mkono mmoja — jepesi kuliko nilivyodhani — nikakaa, nikaendelea kupiga gitaa langu la besi.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo sijui niliiteje. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta la kiwanda linanguruma nyuma ya ukuta. Tulikuwa kwenye wimbo wa harusi, ule tunaoupiga huku tunawaza chakula. Mara sikuwa nawaza chakula. Vidole vilijua vyenyewe. Kashindye na gitaa lake la solo, Bilali kwenye dramu, Dorotea anaimba — ukiniuliza nani aliishia wapi, sijui. Dorotea aliingiza maneno ambayo hayamo, tukamwitikia kana kwamba tulizaliwa nayo. Boksi lilinitetemesha mpaka magego. Tukanyamaza wote kwa pamoja, bila ishara. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kama watu waliofumaniwa.

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Luhaga, wa hoteli mpya ya kule Ilemela. Alikuwepo tangu lini?

Jumatatu, 3 Oktoba

Kiwanda kinauzwa, na bendi yake inakufa mwisho wa mwezi. Mzee Luhaga atatuchukua, ila si wote. Anacho kinanda chenye dramu ndani. Bilali aliposikia "dramu ndani" akacheka, halafu akaacha.

Jumamosi tutapiga kwake, achague watu. Mmoja ameshamchagua: "Yule wa besi simwachi, alinitikisa kifua."

Yaani mimi. Miaka yote hii besi yangu haijatajwa, isipokuwa kuombwa niipunguze.

"Ngosha," Bilali akaniambia, "umepandishwa cheo ukiwa umekaa."

Jumatano, 5 Oktoba

Mazoezi. Tulitaka kulirudia lile jambo. Umeme hakuna, jenereta halina dizeli. Tukapiga kavu, bila spika, kila mmoja akimsubiri mwenzake kama wageni mlangoni. Hovyo.

Tukaulizana nani aliongoza siku ile. Kashindye alimfuata Bilali. Bilali alinifuata mimi. Mimi nilimfuata Dorotea.

"Mimi?" Dorotea akasema. "Mimi nilikuwa nasikiliza kitu cha chini, kinanguruma. Si besi yako hiyo?"

Basi ilikuwa inazunguka tu, kama punda wa mashine ya kusaga.

Ndipo Kashindye akatoa lake. Kwao Kisesa, kikundi cha ngoma hakivuti watu bure. Kuna dawa ya mvuto.

"Na wewe Ijumaa ulikuwa Kisesa."

Ni kweli. Nilifuata michembe, viazi vikavu vya shangazi.

"Tukaila wote kabla ya mazoezi," akasema.

"Ni viazi, Kashindye."

"Ndivyo wanavyosemaga."

Bilali, ambaye aliapa msikitini kutogusa mambo ya waganga, akauliza polepole kama imebaki.

Jumamosi, 8 Oktoba

Hotelini. Naandika pembeni ya jukwaa, nimekalia boksi. Mzee Luhaga yuko kwenye simu, akimaliza tunaanza. Wote wanatafuna michembe, Bilali kuliko wote. Boksi tulilibeba mimi na yeye, tukifurahia wepesi wake.

"Univute kama siku ile, kaka," ananinong'oneza. "Nikiachwa hapa, narudi kuanika dagaa kwa shemeji. Unamjua shemeji."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimaanisha.

Sasa hivi ameingia Rahim, fundi wetu, na baiskeli mpaka ukumbini. Nyuma amefunga kitu kwa kanga. Spika.

"Mtanisamehe wakubwa, gundi ilichelewa kukauka."

Spika gani? Ya besi. Aliitoa Ijumaa ile, mimi niko Kisesa. Alimwachia Kashindye ujumbe. Kashindye anasema, "Ujumbe gani?"

Nimeinuka, nimeligeuza boksi. Mbele kitambaa, nyuma tundu. Ndani buibui.

Bilali ametazama tundu, akanitazama mimi, akaendelea kutafuna. Dorotea anauliza kama mtoto: "Sasa siku ile tulimfuata nani?"

Rahim anafunga skrubu. Mzee Luhaga anaaga kwenye simu, ananitazama mimi, anajipigapiga kifuani na kutabasamu.

Hapa umeme upo. Jenereta liko ng'ambo ya bustani, limezimwa; hakuna kinachonguruma.