Kitabu cha Masika na shati ya baba yake

Butembo, siku ya tano. Mvua inanyesha tangu asubuyi, baridi inaingia mpaka mu mifupa, na moyo wangu hautulie.

Ni juu ya kitabu. Tena kitabu cha batoto! Masika, binti yangu, alikiazima ku masomo, kule shuleni, akakiacha juu ya kiti. Nikakifungua nikingoja maharagi ziive. Maharagi ziliungua. Mama muzima, na miwani yangu, nasoma mambo ya kabinti ka secondaire.

Ule binti wa mu kitabu anakufa mwanzo kabisa. Anafika mbele ya mulango mukubwa, na ule mulango haufunguke mpaka batu ba kwenu bakulilie. Bengine banafika, unafunguka, banaingia. Yeye anabaki inje, juu mama yake anakataa kulia. Mama anasema mutoto wake hakufa.

Nilikifunga. Nikakifungua tena. Mais nani aliambia ule mwandishi mambo yangu?

Juu ule mama ni mimi.

Bwana yangu Kambale alienda kuvuna kakao upande wa Kamango, wakati tulikuwa tungali tunakaa Beni. Batu ba bunduki bakaingia mu mashamba. Benzake baliokotwa, tukabazika. Yeye hakuonekana, hata kiatu chake. Tukakimbilia huku Butembo, na tangu pale sijalia hata siku moja. Ku parokia banasema niko na moyo mugumu. Bongo, uwongo mutupu! Niko na woga. Nikilia, naona ni kama mimi ndiye namuua.

Sasa kesho, siku ya posho, ndiyo siku ya sita, jamaa itazika mugomba. Ndivyo tunafanya kwetu mutu akipotea bila mwili: tunakata shina la mugomba, tunalivalisha nguo yake, tunalilaza mu kaburi, tunalia kilio, donc inaisha. Mama mukwe alikuja jana. Hata chai alikataa.

«Mama Masika, nipe shati yake moja.»

«Na kama anarudia, mama?»

«Akirudia tutacheka, tutang'oa ule mugomba, tutakunywa pombe ya kasiksi. Mais mimi nimezeeka. Nataka nilie mutoto wangu kabla ya kumufuata.»

Nilimujibu nitaangalia. Uwongo. Tangu jana naangalia tu, sichague.

Mashati ziko mbili juu ya kitanda. Moja ni ya shamba, ilipasuka ku bega. Ingine ni nyeupe, ya misa. Nikitoa ya shamba na kweli alikufa, atasimama mbele ya ule mulango na matambara mu mwili, na mimi nitasikia haya milele. Nikitoa nyeupe, donc nimekubali. Mama katekista wa parokia akisikia naogopa mulango wa mu kitabu cha batoto, atanicheka mpaka Pasaka. Na acheke. Yeye bwana yake hakupotea.

Mwisho wa kile kitabu sijausoma. Sitaki. Nilimuuliza Masika tu, vile alirudi na mvua: ule binti, anaingia ao hapana?

Akaangalia mashati, akaangalia mimi.

«Mama, mimi nilisha kumulilia papa. Ku masomo, mu choo, juu wewe usinione.»

Mungu wangu.

Nilimupangusa tu kichwa na kitenge changu, nikapangusa hata fasi ilikuwa imesha kauka. Muda wote nilikuwa nasema naogopa juu ya Kambale, mais mutoto wangu alikuwa analia mu choo cha masomo, pekee yake, juu ya kuniogopa mimi.

Bon. Nitatoa ile nyeupe. Nimeisha kuipiga pasi, nimeunguza hata kidole. Kesho nitasimama karibu na Masika, na nitalia kwa sauti, asikie vizuri.

Na weye Kambale, kama ungali hai fasi fulani, unisamehe. Rudia, unitukane vile unataka.